Majira ya Baridi Katika Shamba Dogo

  Jioni ya leo nataka kuwasimulia habari za jamaa moja wanaoishi mbali sana na sisi, katika nchi ambayo maji hugeuka kuwa magumu kama jiwe, na ardhi hufunikwa na theluji miezi mingi. Siwaelezi habari hizi ili mstaajabu tu. Ndani yake mna hesabu moja, na hesabu hiyo yatupasa hata sisi tulio katika nchi ya jua.

Mara nyingi wanafunzi wangu wameniuliza, "Mwalimu, wakulima wa nchi za baridi hufanya nini wakati wa theluji?" Nami nikiwauliza wao wanadhani nini, hujibu kwamba huketi karibu na moto, hula akiba yao, na kungoja jua lirudi. Nawakiri ya kuwa hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka nilipoona kwa macho yangu.

Mwaka 2018 nilikwenda Marekani kwa masomo ya ualimu, nikafikia kwa jamaa mmoja katika jimbo la Vermont. Jimbo hilo liko upande wa kaskazini na mashariki ya nchi ile, nalo limepakana na Kanada. Ni nchi ya vilima na misitu, yenye miji midogo, na mji wake mkuu, Montpelier, ni mdogo kuliko miji mikuu ya majimbo yote ya Marekani. Nilikaa nao toka mwanzo wa Novemba hata mwisho wa Machi, yaani majira ya baridi karibu yote.

Baba wa nyumba ile alikuwa mwalimu wa hesabu, na mama alikuwa muuguzi katika hospitali. Walikuwa na watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 10, na kitinda mimba wa miaka 6. Shamba lao lilikuwa ekari 14, na ndani yake mlikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, mtamba mmoja, kondoo majike 8, na kuku 20. Shamba hili halikuwa la kuwapa riziki. Riziki yao ilitoka katika mishahara yao. Nalo shamba walilifuga, kama mtu asemavyo, kwa kulipenda tu. Katika nchi ile watu wa namna hii ni wengi. Basi siku za kwanza nilicheka moyoni nikisema, "Huu ni mchezo wa watu walioshiba." Ngojeni mwone kama nilisema kweli.

Kwanza yafaa niwaeleze majira yenyewe. Sisi huhesabu majira yetu kwa mvua. Wao huyahesabu kwa jua. Dunia yetu imeinama kidogo inapolizunguka jua, na mwezi wa Desemba upande wa kaskazini huwa umelipa jua kisogo. Tarehe 21 Desemba, katika Vermont, jua huchomoza karibu saa moja u nusu asubuhi, na saa kumi na robo jioni limekwisha kutua. Mchana wote haufiki hata saa tisa. Tena jua lenyewe hupita chini chini juu ya vilima, wala halina nguvu ya kuyeyusha theluji. Nyasi huacha kukua, kisha hufunikwa. Toka Novemba hata mwanzo wa Mei ng'ombe hana malisho ila yale aliyowekewa na mwenyewe.

Sikilizeni sasa kazi ya asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri, kungali giza, baba alishuka akachochea jiko la chuma lililo katikati ya nyumba. Kuni zake zilikuwa zimekatwa mwaka uliotangulia, maana kuni mbichi zina maji mengi, na sehemu ya moto wake huishia katika kuyakausha maji hayo. Kuni huko hupimwa kwa fungu: futi 4 upana, futi 4 kwenda juu, na futi 8 urefu. Jamaa hawa walitumia mafungu 6 kwa majira mamoja. Majivu hayakutupwa. Yaliwekwa katika ndoo ya bati, yakamwagwa juu ya njia iendayo bandani, ili watu wasiteleze juu ya barafu.

Hapo watoto wakubwa walivaa nguo za sufu na viatu virefu, wakashika sepetu na kufukua njia, kwa sababu theluji ya usiku mmoja yaweza kufika magotini. Nikatoka nao. Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, kipima joto kilicho mlangoni kilionyesha digrii 25 chini ya sifuri. Nywele za puani ziliganda nilipovuta pumzi. Nikigusa komeo la chuma kwa mkono mtupu, ngozi yangu ingenata. Mvulana alinitazama akacheka, akasema, "Mwalimu, usisimame. Anayesimama ndiye ashikwaye na baridi."

Kazi iliyo kubwa kuliko zote ni maji. Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 40 na zaidi kwa siku, na asipokunywa maji hali vizuri, na asipokula hana maziwa wala joto mwilini. Bomba la shamba lilizikwa futi 5 chini ya ardhi, mahali ambapo baridi haifiki. Lakini maji yakisha kutiwa ndooni huanza kuganda mara moja. Kwa hiyo binti alivunja barafu kwa shoka asubuhi, mvulana akaivunja adhuhuri siku za mapumziko, na jioni wakaivunja tena. Siku moja bila maji ni hasara ya siku nyingi.

Kisha walikamua ng'ombe, wakawapa nyasi kavu, wakatazama kuku. Kuku hutaga kwa kufuata mwanga. Mchana ukiwa mfupi huacha kutaga, na ili warudie kazi yao yapasa wapate mwanga wa saa 14 hivi. Kwa ajili hiyo taa iliwashwa katika banda la kuku kabla ya mapambazuko. Nayo mayai yaliokotwa upesi, maana yai likiachwa huganda na kupasuka.

Nilidhani banda la ng'ombe limezibwa pande zote kama sanduku. Kumbe sivyo. Chini ya paa palikuwa na nafasi wazi, hata nikaona theluji nje. Nikamwuliza baba, "Bwana, mbona umewaachia wanyama baridi?" Akanijibu kwamba ng'ombe aliye mkavu na mwenye tumbo lililojaa hadhuriki na baridi, bali hudhuriwa na unyevu. Pumzi zao zina maji, na mkojo wao una hewa kali. Ukifunga kila tundu, maji hurudi juu ya migongo yao, hewa mbaya huingia mapafuni, nao hukohoa. Aliwatandikia mabua makavu mengi, akiongeza mengine kila siku juu ya yale ya zamani, na tandiko lile likachacha chini na kutoa joto lake lenyewe. Wasikilizaji wenye mifugo, neno hili si la nchi ya theluji tu.

Kondoo nao walinistaajabisha zaidi. Walilala nje chini ya kibanda kisicho na mlango, na asubuhi theluji ilikuwa juu ya migongo yao bila kuyeyuka. Nilihuzunika nikidhani wanateswa. Yule binti akanishika mkono, akauingiza ndani ya manyoya ya kondoo mmoja. Ndani mlikuwa na joto kama la kitandani. Theluji haikuyeyuka kwa sababu joto la mwili halikutoka nje. Hata ardhi hufunikwa hivyo hivyo: theluji ina hewa nyingi kati ya chembe zake, na hewa hiyo huzuia baridi kali isishuke. Vitunguu saumu walivyovipanda mwezi wa Oktoba vililala salama chini yake, vikingoja masika.

Jioni zilikuwa ndefu. Kazi za bandani zilipokwisha, wote waliketi karibu na jiko. Mama alifuma sufu ya kondoo wao wenyewe, baba alitia mpini katika shoka, watoto walifanya kazi za shule. Ndipo nilipopata habari za mtu mmoja wa jimbo lile, jina lake Wilson Bentley, nami nataka wanafunzi wazisikie.

Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika mji mdogo wa Jericho, mtoto wa mkulima. Mama yake alikuwa amepata kuwa mwalimu, akampa darubini ya kutazamia vitu vidogo. Kijana akaanza kutazama chembe za theluji, akazichora. Lakini ziliyeyuka kabla hajamaliza kuchora. Basi akaunganisha darubini na kamera, na tarehe 15 Januari 1885, akiwa na miaka 19, akapiga picha ya kwanza ya chembe moja ya theluji. Aliendelea hivyo kila majira ya baridi, akikaa katika banda lisilo na moto, na kiangazi akilima shamba pamoja na ndugu yake. Alipokufa mwezi wa Desemba 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000, na mwaka ule ule kitabu cha picha zake kilikuwa kimetolewa. Hakuona chembe mbili zilizofanana kabisa. Mtu huyu hakuacha jembe ili awe mwenye elimu; alitazama kwa uangalifu kitu kilichoanguka mlangoni pake. Kitinda mimba wa nyumba ile naye alikuwa na kitambaa cheusi, na kila theluji ilipoanza aliruka nje kuzidaka chembe na kuniita, "Mwalimu, njoo, hii ina mikono sita!" Kweli, ilikuwa na mikono sita.

Sasa nimefika katika jambo lenyewe nililotaka kuwaambia.

Wakulima wa zamani wa sehemu zile walikuwa na kanuni moja, na wengi waishika hata leo. Tarehe 2 Februari, siku ambayo makanisa hukumbuka mtoto Yesu alipopelekwa hekaluni, mkulima hupanda dari ya banda akatazame. Ikiwa nusu ya nyasi kavu na nusu ya kuni zipo bado, atavuka salama. Zikiwa pungufu, yumo katika hatari; maana ingawa siku zimeanza kurefuka, na watu wanaanza kusema kwamba baridi imekwisha, nusu ya njaa ya mnyama ingali mbele yake.

Mwaka 2019 siku hiyo iliangukia Jumamosi. Baba akamwambia mvulana, "Panda ukahesabu." Kuni zilikuwa za kutosha. Lakini katika dari mvulana alihesabu marobota ya nyasi 150, akarudia, akapata yale yale 150. Akashuka, akatwaa chaki na kuandika juu ya ubao wa ukuta. Nanyi wanafunzi, kama mna kalamu, andikeni pamoja naye.

Ng'ombe wawili, kila mmoja kilo 11 za nyasi kavu kwa siku: kilo 22. Mtamba: kilo 7. Kondoo 8, kila mmoja kilo 2: kilo 16. Jumla kilo 45 kwa siku. Robota moja lina kilo 18. Basi kila siku marobota mawili na nusu. Gawanya 150 kwa mawili na nusu, utapata siku 60. Ukihesabu toka tarehe 2 Februari, robota la mwisho litaliwa tarehe 2 Aprili. Lakini nyasi za malisho hazitoshi kuliwa kabla ya tarehe 5 Mei. Palikuwa na siku 32 zisizo na chakula, yaani upungufu wa marobota 80.

Hakuna aliyesema neno. Nilisikia ng'ombe wakitafuna, na sauti ile, iliyokuwa ikinipendeza kila siku, siku ile haikunipendeza.

Usiku, baada ya kula, mama akauliza jambo limekuwaje. Mvulana akadhani labda alikosea kuhesabu. Baba akasema, "Hukukosea, mwanangu. Aliyekosea ni mimi. Mvua za kiangazi zilikuwa chache, na kata ya pili ya nyasi haikutupa kitu. Mwezi wa Oktoba nilihesabu marobota 390, nami nilijua ya kuwa twahitaji 460. Nilijua, lakini nikatumaini. Nikasema labda theluji itachelewa. Nayo ikaja mapema Novemba."

Wasikilizaji, fikirini. Mtu huyu kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu. Hakuwa mjinga wala mvivu. Hesabu aliifanya, akaipata sawasawa, kisha akaiweka mfukoni kwa sababu jawabu lake halikumpendeza. Nami nilijiuliza mara ngapi nimefanya vivyo hivyo.

Wakaanza kutafuta njia. Kununua marobota 80? Mwaka ule nyasi zilikuwa haba kwa majirani wengi, na bei ilikuwa imepanda. Kuwapunguzia wanyama wote? Mama akakataa. Kondoo walikuwa na mimba, na kondoo mwenye mimba, majuma sita ya mwisho kabla ya kuzaa, huhitaji chakula zaidi, si pungufu. Ukimpunguzia, mwana huzaliwa dhaifu na mama hukosa maziwa. Ng'ombe nao mmoja alikuwa na mimba. Basi ilibaki njia moja tu, na kila mtu aliijua, wala hakuna aliyetaka kuitaja. Ni kumtoa mnyama mmoja.

Mnyama yule alikuwa mtamba, na mtamba alikuwa wa binti. Alimnunua angali ndama wa siku chache kwa fedha alizozipata kwa kuuza mayai, akamnywesha maziwa kwa ndoo, akamfundisha kufuata kamba. Alikuwa akitarajia ya kuwa mwaka ule atapandishwa, na mwaka wa pili atakuwa na ng'ombe wake mwenyewe wa maziwa. Baba akamwambia, "Huyu ni mali yako. Sitamwuza bila neno lako. Na ukikataa, nitatafuta njia nyingine, maana kosa ni langu." Binti akainuka, akavaa koti lake, akaenda bandani. Mama akataka kumfuata, akajizuia.

Siku tatu hakusema neno juu ya jambo lile. Alivunja barafu, alibeba nyasi, alikwenda shuleni, akarudi. Siku ya nne asubuhi niliingia bandani nikamkuta mbele ya ubao ana chaki mkononi. Alikuwa ameifuta hesabu ya ndugu yake nusu, akaandika upya bila mtamba. Kilo 7 kwa siku, tangu Jumamosi ya tarehe 9 Februari hata tarehe 4 Mei, siku 85: kilo 595. Ni marobota 33. Akanitazama akasema, "Haitoshi, Mwalimu. Bado yapungua 47. Lakini akiuzwa, bei yake itayanunua hayo." Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Nikimweka, nitakuwa nampenda kwa chakula cha wengine."

Palikuwa na mkulima mmoja maili mbili kutoka pale, mwenye ng'ombe wengi, naye kwake ukulima si mchezo wala mapenzi tu, ni riziki. Alikuwa na maghala makubwa. Akamtazama mtamba, akampapasa mgongo, akasema ametunzwa vyema. Wakapatana: atatoa marobota 50, na bei iliyosalia atalipa kwa fedha mkononi mwa binti. Jumamosi ile tulikwenda kwa miguu, binti akiongoza mtamba kwa kamba, baba na mimi nyuma. Theluji ilikuwa ikilia chini ya viatu vyetu. Njia nzima binti hakugeuka nyuma. Tulipofika alimwambia mwenyeji mtamba anapenda kukwaruzwa wapi, na ya kuwa hanywi maji yakiwa na vipande vya barafu. Mwenyeji akavua kofia yake, akamsikiliza mpaka mwisho kama amsikilizavyo mtu mzima.

Tuliporudi tulipakia marobota, tukayapanga darini. Binti aliyahesabu tena mwenyewe. Kisha akaandika juu ya ubao, mahali pa juu ambapo mkono wa mdogo wake haufiki: "Kuhesabu Oktoba. Kuamua Oktoba." Baba alisoma, akakaa kimya, wala hakuyafuta.

Baridi haikukoma siku ile. Februari ilikuwa na dhoruba, na siku moja umeme ulikatika usiku na mchana, tukayeyusha theluji jikoni ili wanyama wanywe. Nanyi mjue ya kwamba ndoo kumi za theluji nyepesi hazikupi zaidi ya ndoo moja ya maji. Lakini hofu ilikuwa imetoka katika nyumba, maana chakula cha wanyama kilikuwa kimehesabiwa.

Mwezi wa Machi kazi mpya ilianza. Katika misitu ya Vermont kuna mti uitwao mepuli, ambao utomvu wake ni mtamu. Usiku ukiwa wa barafu na mchana wake kuyeyusha, utomvu hupanda na kushuka. Hapo watu hutoboa shina tundu dogo, wakatia mrija na kutundika ndoo. Utomvu ni mwepesi kama maji. Lita 40 huchemshwa hata ibaki lita moja ya shira. Jamaa wote walikesha karibu na moto wakikoroga, na mvuke ulijaa hata tusionane. Ndipo nilipomsikia binti akicheka tena. Kabla ya kuondoka kwangu kondoo watatu walikuwa wamezaa wana watano, wote wakasimama na kunyonya. Darini palikuwa na nyasi za kutosha hata majani mapya yatakapoota.

Mnakumbuka nilisema kwamba shamba lile lilikuwa mchezo wa watu walioshiba. Nilikosea. Ni kweli kwamba watu wale wasingelala njaa kama shamba lingekufa. Lakini wanyama wao wangelala njaa, na mnyama hajui kama bwana wake amlisha kwa riziki au kwa kujipendea. Mtu akisha kufunga kamba shingoni mwa mnyama, amejifunga yeye pia.

Basi, wasikilizaji wangu, hesabu hii yatuhusu nini? Sisi hatuna theluji ila ile ya vilele vya milima yetu mirefu. Lakini tuna kiangazi, na kiangazi kwa ng'ombe ni baridi yetu. Nyasi husimama, hukauka, huliwa, kisha hubaki vumbi. Ng'ombe wetu hawafi mwezi wa kwanza wa kiangazi, wakati watu wangali wakitazama. Hufa mwisho wake, mawingu yamekwisha kuonekana, na kila mtu akisema mvua ni kesho.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Wasukuma wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili nyasi zake ziwe akiba ya kiangazi. Ngitili nyingi zilikuwa zimepotea, lakini toka mwaka 1986, serikali ilipoanzisha kazi ya kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, nyingi zikarudishwa. Basi hekima si ngeni kwetu. Iliyobaki ni kuhesabu.

Tufanye hesabu yetu pamoja. Ng'ombe wetu wa kienyeji, mwenye uzito wa kilo 250, hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kiangazi cha miezi mitano ni siku 150. Mara 6, ni kilo 900 kwa ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe kumi ajiulize: ziko wapi kilo 9,000? Ziko katika malisho yaliyofungwa? Katika mabua ya mahindi na mtama, ambayo wengine huyachoma moto? Zikiwepo, alale usingizi. Zisipokuwapo, aamue mapema, wakati ng'ombe angali mnene na bei yake ni nzuri, auze wachache ili waliobaki waishi. Ng'ombe aliyeuzwa mwisho wa mvua ni fedha. Aliyekufa mwisho wa kiangazi ni ngozi tu.

Najua neno hili ni gumu. Ng'ombe kwetu si nyama tu. Ni mahari, ni heshima, ni urithi. Lakini yule binti naye alimpenda mtamba wake. Wazee wetu husema akiba haiozi. Nami naongeza kwamba akiba isiyohesabiwa humdanganya mwenyewe.

Nanyi wanafunzi, mkiulizwa tena hesabu yafaa nini nje ya darasa, wajibuni kwa habari ya ubao ule wa bandani. Jawabu sahihi lisilofuatwa halikumlisha hata kondoo mmoja.